Nimesoma "It" ya Stephen King kwa zamu za usiku hapa Lamu

Niseme mapema tusipotezeane muda: klauni hakunitisha. Kila anayeitaja "It", riwaya hii ya kutisha, huanza na klauni, yule mchekeshaji aliyejipaka uso rangi, na picha yake iko kila mahali, hata kwenye fulana za vijana pale ufukoni Shela. Nikamsubiri aje aninyime usingizi, wapi! Mtu wa Lamu klauni tumemzoea wapi hata tumwogope? Ila kitabu kilinitisha, tena sana. Kilipitia mlango mwingine.

Nafanya kazi mapokezi katika nyumba ya wageni huku Mkomani. Ukishika zamu ya usiku, baada ya mgeni wa mwisho kupanda chumbani hubaki wewe, feni na mbu. Wageni wakiondoka huacha vitabu, nasi huvipanga rafuni chini ya ngazi. Hiki kilikaa pale muda mrefu bila kuguswa kwa sababu ya unene wake. Toleo la kwanza la 1986 lina kurasa 1,138. Nakala yetu ni ya jalada laini, na hewa ya chumvi ilikuwa imeshailegeza gundi, kurasa za katikati zikawa zinachomoka zenyewe. Ukiishi karibu na bahari na unataka kukinunua, tafuta cha jalada gumu.

Kisa kiko Derry, mji wa kubuni katika jimbo la Maine, Marekani. King aliubuni kwa kuutazama Bangor, mji wa kweli alikoishi miaka mingi. Mwaka 1957, mvua imefurika mitaani, mtoto wa miaka sita anayeitwa George anatoka na koti lake la mvua kuikimbiza mashua ya karatasi. Kaka yake Bill ndiye aliyemtengenezea, naye yuko kitandani anaumwa. Mashua inatumbukia kwenye tundu la maji ya mvua ukingoni mwa barabara, na mle ndani kuna yule klauni anamwita mtoto kwa upole, anamjua hadi jina. George harudi akiwa hai. Kiangazi cha 1958 Bill na wenzake, watoto saba kwa jumla, wanajikuta wanapambana na kitu kilichomuua. Mwaka 1985, wakiwa watu wazima, wanaitwa tena Derry, maana kitu hicho huamka kila baada ya miaka kama 27, kikala, kikalala.

Umbo lake halisi hakuna alijuaye. Kwa kila mtoto huja na lile analoliogopa. Eddie, mwenye pumu na mama anayemtia hofu ya kila ugonjwa, anatokewa na mkoma chini ya baraza la nyumba bovu. Mike anafukuzwa na ndege mkubwa kupita kiasi. Ben anaona maiti iliyokaushwa, zile za Misri, imesimama juu ya mfereji ulioganda barafu ikiwa na maputo mkononi, na maputo yanaelea kuja upande wake ilhali upepo unavuma kwenda kule. Maiti niliipita bila wasiwasi. Maputo yale nikayarudia. Sisi watu wa mashua, upepo ndio tunaoutegemea kuliko neno la mtu. Kitu chepesi kikienda kinyume nao, ujue hapo hapana heri.

Nikaanza kujiuliza: kingekuja Lamu, kingevaa nini? Jibu halikuhitaji kufikiri. Kingekuja mwanamke mzuri aliyevaa buibui, manukato yanamtangulia, ukiteremsha macho unaona kwato. Kisa hicho pwani nzima inakijua. Tatizo la Lamu ni kwamba kwato usiku zimejaa, punda wanazurura vichochoroni mpaka alfajiri wakitafuta maganda ya ndizi, na siku nyingine zote hilo halinishughulishi. Lakini uwe umetoka kwenye ukurasa ule, taa moja tu inawaka, halafu usikie ko, ko, ko inakuja kutoka Langoni, inafika mlangoni, inasimama. Sikufungua. Asubuhi kinyesi kilikuwa pale pale kizingitini, nikashukuru kwa mara ya kwanza maishani kukifagia.

Sehemu niliyoipenda kuliko zote ni ya Beverly, msichana pekee kati yao. Anasikia sauti za watoto waliokufa zinatoka kwenye tundu la sinki la kunawia, kisha damu inaruka, inapaka ukuta, kioo, sakafu. Baba yake anaingia, anatazama, haoni hata tone. Msichana analala na kuamka, damu ipo, na wazazi wanaingia na kutoka humo humo. Mpaka awalete marafiki zake watatu. Wao wanaiona. Kinachofuata hakina miujiza yoyote: wanachukua ndoo na matambara, wanasugua chumba kizima, halafu wanakwenda kuyafua matambara kwenye duka la mashine za kufulia na kukaa hapo wakisubiri. Nimesoma vitisho vingi, sijapata kuona mwandishi anayewapa watoto kazi ya kusafisha mahali ambapo wengine wangewapa upanga.

Nyumbani kwetu choo ni cha kizamani, chenye birika la chokaa, sahani ya kaure imepachikwa chini na samaki wadogo wanaowekwa kula viluwiluwi vya mbu. Usiku wa sura hiyo niliingia kuoga baada ya zamu. Nikachovya kopo, samaki mmoja akageuka ghafla kwenye giza la maji. Sikuoga.

Mama aliniuliza kinachonifanya niwache taa ikiwaka. Nikamsimulia kwa ufupi.

"Jitu lawala watoto wa mji mzima, na wazee wao wafanyani?"

"Hawafanyi kitu, mama. Wengine hawaoni, wengine wakiona hugeuza uso."

"Basi huyo ni nunda," akasema, akaendelea kuchambua mchele.

Alinipatia ufunguo wa kitabu bila kukifungua. Hadithi ya nunda mla watu ni ya zamani, Edward Steere aliichapa katika mkusanyiko wake wa ngano za Kiswahili mwaka 1870. Sultani ana paka. Paka anakula ndama, watu wanakwenda kushitaki, sultani anajibu kwamba paka ni wake na ndama ni wake. Anahamia mbuzi, kisha ng'ombe, kisha watu, na kila mara jibu ni lile lile, mpaka aliwe mtoto wa sultani mwenyewe ndipo akubali kuwa yule si paka tena. Derry ni hivyo hivyo. King haandiki tu juu ya jitu lililo chini ya mji. Anaandika mji uliofanya mapatano nalo kimya kimya, biashara inakwenda, watoto wanapotea, gazeti linaandika mistari michache.

Ndiyo maana kurasa zilizonikaa zaidi hazina jitu kabisa, au lipo pembeni tu likitazama. Mike, mtoto mweusi pekee katika wale saba, anasimuliwa na baba yake juu ya klabu ya askari weusi iliyochomwa moto na wazungu waliovaa mashuka mwaka 1930, watu wakiwa ndani. Waliochoma walikuwa raia wa kawaida. Mike ndiye anayebaki Derry, anakuwa mkutubi, anakusanya habari za mji daftarini, hana mali. Sita waliohama wote wanafanikiwa, wengine utajiri mkubwa, na wote wanasahau: jitu, mji, hata majina ya wenzao. Mike anapowapigia simu, makovu ya kiapo walichoapa utotoni yanarudi kwenye viganja vyao. Stan, mmoja wa hao sita, anashindwa kuvumilia kukumbuka, na yaliyompata bafuni sitayasema. Hapa kwetu kila msimu wa Maulidi wanarudi jamaa waliokwenda Mombasa na Ughaibuni, na kuna anayekukumbatia vizuri kabisa huku macho yanatafuta jina lako. Niliwafikiria hao sana.

Kuhusu nyakati kubadilikabadilika, uwe tayari. Miaka miwili ile, 1958 na 1985, inasimuliwa kwa kupokezana, na kadiri unavyokaribia mwisho ndivyo ukuta kati yao unavyokuwa mwembamba. Sentensi inaanza mtu akiwa mtu mzima ndani ya mitaro chini ya mji, inakatika, na sehemu inayofuata inaimalizia akiwa na miaka kumi na moja humo humo mitaroni. Mara ya kwanza nikaangalia namba za kurasa, nikidhani kuna iliyochomoka. Ukishaizoea, inatisha kuliko mazimwi yote, kwa sababu hujui umesimama mwaka gani.

Sasa malalamiko. Ni kirefu mno. Kila mpita njia anapewa historia yake, na kuna sura za katikati ambazo ningezikata robo bila kusikia maumivu. Umbo la mwisho ambalo macho ya binadamu yanaweza kulipokea ni buibui mkubwa. Baada ya kurasa elfu nzima za kitu kisicho na umbo, buibui! Halafu kuna kobe wa kale aliyetapika ulimwengu. Huyo wa kumpenda ampende, mimi alinichosha. Na wazazi wajue: karibu na mwisho kuna kurasa chache zinazowahusisha watoto hao na mambo ya utu uzima. Hazikustahili kuandikwa, na hadithi isingepungukiwa na kitu. Kijana wa shule simpi kitabu hiki.

Kiingereza chake si kigumu, isipokuwa mizaha ya Richie, mmoja wa wale saba, na misimu ya Marekani ya miaka ya hamsini, ambayo unaweza kuiruka. Waliotazama filamu za 2017 na 2019 wasidhani wameshamaliza. Filamu ziliuhamishia utoto mwaka 1989 na kuzitenga nyakati mbili, kila moja na filamu yake kwa sehemu kubwa, kwa hiyo ule mchezo wa kusimama miaka miwili kwa pamoja ukapotea. Akabaki klauni. Ipo pia ya kusikiliza, anaisoma mwigizaji Steven Weber, karibu saa 45. Kipande nilichosikia kina sauti nzuri mno, hasa kigugumizi cha Bill, ila kwa kitabu hiki nataka niweze kufunga ukurasa mwenyewe ninapotaka.

Nakala ya rafuni nimeifunga kwa mpira ili kurasa zisitawanyike. Mwenzangu wa zamu ya mchana ameshaianza, yuko kwenye maputo.