Trekta ya modeli ya kampuni ya Siku, skeli ya 1:32, nimeridhika sana

Jamani wapenda trekta wenzangu, hatimaye nimeipata modeli ya trekta ya John Deere ya kampuni ya Siku, wale Wajerumani wa magari ya kuchezea. Skeli ya 1:32, yaani trekta halisi ya mita 5 inakuwa kama sentimita 16 hivi. Imetoka Dar kwa basi mpaka huku Mbeya, boksi limebonyea na kioo cha pembeni kimechomoka, muuzaji nampigia kimya, ikabidi nigundishe mwenyewe na supaglu. Imeniuma kwa kweli.

Ila yenyewe sasa! Bodi chuma, matairi ya mpira yana meno kabisa, kebini unaichomoa unaona usukani na siti, yaani nimekulia Mbarali kwenye mashamba ya mpunga na kila Nane Nane pale viwanja vya John Mwakangale nilikuwa sibanduki kwenye trekta, so hii nikiishika najisikia niko kulekule.

Nyuma ina ndoano ya kufungia tela, hapo ndo utamu, tela za Siku za skeli hiyohiyo zinaingia tu. Ukianza kukusanya baki na 1:32, ukichanganya na 1:50 hazipendezi kabisa zikikaa shelfu moja.

Sasa natafuta plau, mwenye nayo Mbeya au Iringa anishtue.