Blender kwenye meza ya mchora katuni wa Moshi

Mawenzi amekuja kwa Kibo mara ya tatu kuomba kaa la moto, na Kibo, ambaye mara mbili za kwanza alimpa bila kinyongo, safari hii ameshika mchi. Hadithi hiyo ya Wachagga kuhusu vilele viwili vya Mlima Kilimanjaro, inayoeleza kwa nini Mawenzi amechongoka na kumeguka ilhali Kibo amekaa kwa utulivu kama mzee mwenye mvi, nilisimuliwa na bibi yangu huko Marangu nilipokuwa mdogo, na sasa naigeuza kuwa katuni ya sekunde 30. Naifanya usiku, baada ya kufunga hesabu za duka la vifaa vya ujenzi ninapofanya kazi hapa Moshi mjini. Chombo changu ni programu moja, Blender, ambayo nimeitumia kwa miaka mitatu, na kwa kuwa watu kadhaa wameniuliza kama inamfaa mtu asiye na studio wala mtaji, nimeona niieleze kwa kirefu.

Blender hailipiwi. Sisemi ile bure ya majaribio inayokwisha baada ya mwezi, wala ile inayobandika nembo yake juu ya kazi yako. Unaipakua kwa bando la mamia machache ya megabaiti, unaiweka kwenye flashi, unampa na jirani, na baada ya hapo unaweza kufanya kazi mwaka mzima bila intaneti na bila kufungua akaunti yoyote. Katuni utakayoitoa ni mali yako na unaruhusiwa kuiuza. Uhuru huo ulipatikana kwa mchango, kama tunavyochangiana harusi: Mholanzi Ton Roosendaal alianza kuitengeneza miaka ya 1990 kwa matumizi ya studio yake ya katuni, na kampuni iliyokuja kuisimamia ilipofungwa mwaka 2002, wawekezaji walikubali kuiachia kwa euro 100,000. Watumiaji wake duniani walizikusanya fedha hizo kwa wiki saba, na tarehe 13 Oktoba 2002 msimbo wake wote ukawekwa hadharani chini ya leseni ya GPL, inayomruhusu yeyote kuitumia, kuibadilisha na kuigawa. Kwa mtu anayelipwa kwa shilingi, ambaye hawezi kujifunga na malipo ya dola kila mwezi kwa jambo la mapenzi tu, huo si msaada mdogo.

Wengi wanaijua Blender kama programu ya maumbo ya pande tatu, lakini kilichonivuta mimi ni sehemu yake iitwayo Grease Pencil, inayokuruhusu kuchora kwa mkono ndani ya nafasi ileile yenye pande tatu. Unachora kama uchoravyo kwenye daftari, kisha unaweza kuusogeza mgomba nyuma ya nyumba, ukazungusha kamera, na mchoro ukabaki na uhai wake wa kalamu. Michoro iliyotangulia huonekana hafifu kwa kijani na inayofuata kwa bluu, hivyo unajua mkono wa mhusika ulikuwa wapi na unakwenda wapi. Kazi yangu ya kwanza niliyoikamilisha ilikuwa mbega wa msitu wa Rau aliyepanda daladala, akakaa dirishani, na mkia wake mrefu mweupe ukakalia kiti cha pili, konda akamdai nauli mbili. Ilikuwa ya sekunde 10. Mwendo wa kawaida wa filamu ni picha 24 kwa sekunde, ila wachora katuni wengi huuacha kila mchoro ukae kwa picha mbili, na kwa hesabu hiyo nilichora michoro 120 kwa muda wa wiki tano. Baada ya hapo nikatengeneza mkungu wa ndizi ulioshuka wenyewe kutoka Kibosho hadi soko la Mbuyuni ukiulizia bei kabla ya kukubali kuuzwa.

Sasa nirudi kwenye mchi, kwa sababu hapo ndipo nilipoielewa programu hii. Katika katuni ya milima sichori kila picha. Kibo na Mawenzi ni maumbo niliyoyafinyanga ndani ya kompyuta, na unachofanya ni kumweka mhusika katika mkao, ukabonyeza herufi I kuuhifadhi, ukasogea mbele picha kadhaa, ukamweka katika mkao mwingine, ukahifadhi tena. Blender hujaza safari ya katikati. Nilipoitazama mara ya kwanza, mchi wa Kibo ulitua juu ya kichwa cha Mawenzi kama unyoya wa kuku, polepole na kwa upole, hata hadithi ikapoteza maana yake. Kumbe programu, isipoambiwa vingine, huanza kila mwendo taratibu na kuumaliza taratibu, jambo linalopendeza kwa wingu linalopita lakini linaloua pigo. Nilifungua ukurasa wa grafu, ambamo kila mwendo huonekana kama mstari, nikaona kilima laini mahali palipotakiwa kuwa na genge. Nikaupa mchi picha 14 za kupanda, nikausimamisha juu picha 6, kisha nikaushusha kwa picha 3 tu, na pale unapogusa nikaufanya mstari uwe na kona kali badala ya mviringo. Mchi ukapata uzito. Ukurasa huo wa grafu, kwa maoni yangu, ndio moyo wa Blender, na namshauri kila anayeanza aujifunze kabla ya kuhangaika na nywele, moshi na maji, vitu ambavyo video za mafunzo hupenda kuvionyesha kwanza.

Ugumu mkubwa kwa sisi wenye mashine za kawaida ni kurenda, yaani kuiacha kompyuta ikokotoe mwanga, kivuli na rangi za kila picha hadi itoke iliyokamilika. Blender ina injini mbili kuu za kazi hiyo. Cycles hufuata miale ya mwanga jinsi inavyogonga vitu na kurudi, na theluji ya Kibo ikitoka humo unaweza kudhani umeipiga picha alfajiri. Eevee, iliyokuja na toleo la 2.80 mwaka 2019, hutumia njia za mkato na ni nyepesi zaidi. Kwenye kompyuta yangu mpakato picha moja ya Cycles huchukua dakika tatu na ya Eevee sekunde 12. Sekunde 30 za katuni ni picha 720, kwa hiyo ni saa 36 kwa njia ya kwanza na chini kidogo ya saa mbili na nusu kwa njia ya pili. Nimechagua Eevee na sijutii, na anayeidharau akumbuke kwamba Flow, filamu ya Latvia iliyopata Oscar ya katuni ndefu mwaka 2025, ilirendwa kwa Eevee hiyohiyo.

Kuna jambo nililojifunza kwa machungu. Katuni ya mkungu niliiagiza itoke moja kwa moja kama faili la video, nikaenda kulala. Usiku umeme ulikatika, betri yangu iliyochoka haikufika mbali, na asubuhi nikakuta faili lisilofunguka kabisa, kazi ya usiku mzima haipo. Tangu siku hiyo naagiza kila picha ihifadhiwe peke yake kama PNG ndani ya folda, na naondoa alama kwenye sehemu iliyoandikwa Overwrite, ili nikiwasha tena programu iziruke picha zilizokwisha kutoka na kuendelea pale ilipoishia. Umeme ukikatika kwenye picha ya 500, unapoteza ile moja iliyokuwa ikipikwa. Zikikamilika zote, unaziunganisha kuwa video humohumo ndani ya Blender kwa dakika chache. Vilevile programu hujihifadhia nakala ya kazi kila baada ya dakika mbili, na nakala hiyo imeniokoa zaidi ya mara moja, ingawa simshauri mtu aitegemee badala ya kuhifadhi mwenyewe.

Mapungufu yapo. Matoleo ya karibuni yanataka kompyuta yenye RAM ya gigabaiti 8 kwa uchache, na hata ukiwa nazo, mandhari yenye migomba mingi itaanza kusuasua. Mwenye mashine ya zamani asikate tamaa, kwani matoleo ya nyuma bado yanapakuliwa bila malipo, na ubora wa hadithi hautegemei namba ya toleo. Kipanya chenye gurudumu katikati ni cha lazima, maana kuzunguka ndani ya mandhari kwa padi ya kugusa kunachosha mkono na akili. Siku za mwanzo ni ngumu pia. Skrini imejaa vitufe kuliko mtu anavyoweza kuvikumbuka, na wiki mbili za kwanza sikutoa kitu chochote cha kuonyesha. Kilichonisaidia ni kuandika herufi chache kwenye kikaratasi na kukibandika ukutani: G kusogeza, R kuzungusha, S kukuza, I kuhifadhi mkao. Kwa herufi hizo nne nilifanya kazi miezi miwili bila kuhitaji nyingine. Anayetaka tu kuchora katuni bapa kwenye simu ataona Blender ni mzigo mkubwa kwa safari fupi, na kwake yeye ningependekeza aanze na programu nyepesi zaidi.

Kwa mwenye subira, mimi naipa alama tisa kati ya kumi, na ile moja naizuia kwa sababu ya zile wiki mbili. Juzi nilimwonyesha mpwa wangu wa miaka sita kipande ambacho Mawenzi anaondoka na kaa la pili, amelifunika kwa jani la mgomba, akigeuka kila hatua kutazama kama halijazimika. Akakitazama mara nne, kisha akauliza, "Mjomba, kwa nini wasikae jiko moja?" Sikuwa na jibu la kumpa. Nimerudi kwenye kompyuta nikaongeza picha 20 kabla ya mchi kupanda, Kibo akilitazama jiko lake, kisha nyayo za Mawenzi kwenye vumbi.