Wiki sita za kujifunza umeneja: kozi nzuri, ukiondoa sehemu ya "kujiamini"

Ijumaa nilikuwa mwenzao, Jumatatu nikawa bosi wao. Kiti kilekile, kompyuta ileile, dirisha lilelile. Timu yetu ya watu wanane hujibu malalamiko ya wateja, na kwa miaka minne mimi ndiye niliyekuwa nafunga tiketi (kila lalamiko ni tiketi moja) nyingi kuliko wote. Ndiyo maana nilipandishwa cheo. Nilijiona nimestahili, mpaka asubuhi ile ya kwanza nilipoingia nikakuta mazungumzo yamekatika ghafla, kila mtu kaikodolea macho skrini yake.

Wiki iliyofuata ofisi ikanisajili kwenye kozi ya mameneja wapya. Wiki sita, kipindi kimoja cha saa moja na nusu kila Jumanne jioni kwa video, washiriki 14, kijitabu cha mazoezi na simu mbili za faragha na mkufunzi. Jina la wenye kozi naliacha, maana nina ya kuwasema, na isitoshe kozi za aina hii zinafanana kama mapacha.

Nianze na kibaya, kwa sababu ndicho walichoanza nacho wao. Kipindi cha kwanza kiliitwa "Jiamini". Tukaambiwa tusimame mbele ya kamera, miguu tumeitanua, mikono kiunoni, dakika mbili nzima, eti mwili ukisimama kibabe homoni zinabadilika na hofu inakimbia. Watu wazima 14, kila mmoja ndani ya kidirisha chake, tumeshika viuno kama akina mama wanaomsubiri mtoto mtukutu arudi nyumbani. Nilicheka mpaka nikazima kipaza sauti. Kicheko si tatizo. Tatizo ni kwamba madai yale yalitokana na utafiti wa mwaka 2010 uliohusisha watu 42 tu. Watafiti wengine waliporudia jaribio kwa watu 200 na kuchapisha matokeo mwaka 2015, mabadiliko ya homoni hawakuyaona, na mwaka uliofuata Dana Carney, mmoja wa waliofanya utafiti ule wa kwanza, akaandika waziwazi kwamba haamini tena kuwa athari hizo ni za kweli. Anayeyafundisha leo kama sayansi ana muda mrefu hajapitia somo lake mwenyewe.

Kipindi cha pili ndicho kilichonizuia nisijitoe. Mada ilikuwa kugawa kazi, na mkufunzi akaleta ule mfano wa nyani ambao William Oncken na Donald Wass waliuandika mwaka 1974. Mtu wako anakukuta koridoni, anakwambia "tuna shida na mteja fulani", nawe, kwa haraka zako au kwa wema wako, unamjibu "niachie, nitaangalia". Hapohapo nyani aliyekuwa begani kwake amekurukia wewe. Mwenzako anakwenda zake mwepesi, na kesho ndiye atakayekuuliza umefikia wapi.

Zoezi la wiki hiyo lilikuwa kuhesabu nyani. Nikaweka karatasi kando ya kibodi, kila nikisema "niachie" napiga mstari. Jumatano jioni mistari ilikuwa 11. Watu saba, nyani 11, na tiketi zangu mwenyewe sijazigusa, maana bado nilikuwa najigawia tiketi nikidhani bosi mzuri ni yule anayewazidi wote kwa kuchapa kazi. Mistari mitatu ilikuwa ya kijana mmoja, na yote ilihusu barua za kuwarudishia wateja fedha. Kuziandika alijua. Alichokiogopa ni kubonyeza "tuma". Alhamisi alipokuja tena nikauma ulimi, nikamuuliza, "Wewe ungemjibuje?" Akakaa kimya, kisha akanisomea jibu zima, zuri kuliko ambalo ningeandika mimi. Nikamwambia atume. Akabaki amesimama.

"Nitume tu?"

"Tuma."

Siku hiyo ndiyo nilielewa kwa nini mkufunzi alituletea Project Oxygen ya Google, utafiti walioanza mwaka 2008 kutafuta ni nini hasa kinachomfanya meneja awe mzuri. Walitoka na tabia nane. Ya kwanza ilikuwa kuwalea watu wako kikazi. Ujuzi wa kiufundi wa kazi yenyewe ulikuwa wa nane. Mimi nilipandishwa kwa hiyo ya nane.

Kipindi cha tatu kilihusu vikao vya watu wawili: nusu saa na kila mmoja, mara kwa mara, na ajenda ni ya mfanyakazi, si yako. Sawa kabisa. Wakatupa orodha ya maswali 40. Ya maana ni matatu, yaliyobaki yanamfanya mtu ajione yuko kituo cha polisi.

Kipindi cha nne ndicho kinachobeba kozi nzima. Ni namna ya kumwambia mtu kosa lake: sema ilikuwa lini na wapi, sema kitendo ulichokiona kwa macho yako, sema kilileta nini. Tabia yake na nia yake usiziguse. Ukisoma ni rahisi, kutamka ndio kazi. Tuligawanywa wawiliwawili, mwenzangu akaigiza mfanyakazi anayechelewesha ripoti ya zamu. Nikaanza, "Siku hizi naona kama huna moyo na kazi." Mkufunzi akanikatiza: "Moyo wake umeuona wapi?" Nikarudia. Nikakatizwa tena. Mara ya nne ndipo ikatoka bila mapambo: "Jumatatu na Jumanne ripoti ilifika saa mbili na nusu badala ya saa mbili. Wenzako wa asubuhi wakaanza kupokea simu bila kujua wewe uliachia wapi." Halafu unanyamaza. Kunyamaza ndiko kulikonishinda, nilitamani sana kuongeza "lakini si mbaya".

Wakati naigiza, kichwani nilikuwa na mtu halisi. Kuna kaka mmoja kwenye timu, kanizidi umri, naye aliomba cheo hikihiki nikakipata mimi. Zamani aliniita dada. Tangu Jumatatu ile naitwa bosi, na hilo neno analivuta kidogo mwishoni. Siku mbili baada ya kipindi nikamwita pembeni. "Kaka, samahani nakuchukulia muda wako. Juzi na jana ripoti ya zamu..." Nikaisema yote, nikafunga mdomo. Akaitazama meza weee.

"Ungeniambia mapema," akasema. "Ile fomu mpya inanigomea. Kila siku naijaza mara mbili."

Fomu mpya niliitunga mimi.

Sasa malalamiko yangu makubwa. Kipindi cha tano kilikuwa na kichwa cha habari nilichokisubiri tangu mwanzo: kutoka mwenzao hadi kiongozi wao. Kilipewa dakika 12, nilitazama saa. Muda uliobaki ukaliwa na kupanga watu kwa rangi kulingana na haiba zao. Mimi ni bluu, kama kuna anayetaka kujua. Ushauri tulioupata ni "weka mipaka", basi. Mipaka ipi? Sisi tulikuwa na kundi la WhatsApp ambalo bosi aliyepita hakuwemo, na shughuli yake kuu ilikuwa kumsema huyo bosi. Mimi nilikuwa miongoni mwa wasemaji hodari. Nitoke kimyakimya? Niage? Nibaki nisome wanavyonichambua? Nilihangaika nalo siku tisa, mwishowe nikaandika kwamba natoka ili wapate nafasi ya kunisema, na la kazi waniletee mezani. Mmoja akacheka kwa emoji, nikatoka.

Halafu kuna faili la mishahara. Nilifunguliwa wiki ileile ya kwanza, nikakuta anayebeba kazi ngumu kuliko wote analipwa chini ya mwenzake aliyeingia nyuma yake. Kesho yake unamtazamaje? Vipindi vyote sita havikuligusa. Nilimuuliza mkufunzi kwenye simu ya faragha na, haki yake nimpe, alinijibu vizuri: usimwahidi chochote, wala usikae na siri hiyo kana kwamba haikuhusu, iandike na uipeleke kwa mwenye mamlaka kabla bajeti haijafungwa. Dakika tano hizo zilinifaa kuliko jioni nzima ya rangi. Kwa nini ziwe za anayeuliza peke yake?

Cha sita kilikuwa tathmini za mwaka na cheti. Video zinafungwa baada ya siku 90, na huo ni uchoyo, kwa sababu kipindi cha nne nimetaka kukirudia baada ya hapo na mlango umefungwa.

Nyota tatu na nusu kati ya tano. Kama bado huna watu chini yako, subiri, maana mazoezi yanataka watu wa kweli na makosa ya kweli. Mwezi mmoja kwenye kiti unatosha. Kabla ya kujisajili uliza swali moja: kila mshiriki anaigiza mazungumzo magumu, au wawili wanaigiza wengine wanatazama? Wakijibu kwa kuzungukazunguka, tafuta kwingine.

Ile fomu ya ripoti tumeipunguza kutoka visanduku 22 hadi tisa, yule kaka akiongoza kikao, mimi nikiandika. Ripoti sasa inafika saa mbili kasoro. Bado ananiita bosi. Siku nyingine nasikia utani ndani yake, siku nyingine sina hakika.