AncestryDNA kwa Mtu Anayemtafuta Baba Asiyemjua

Watu wengi hununua kipimo cha vinasaba cha AncestryDNA ili waone asilimia za asili yao, na kwa shughuli hiyo sina mengi ya kusema. Mimi nakitathmini kwa kazi nzito zaidi, ya kumtafuta baba ambaye mtoto hakuwahi kumjua. Ndivyo tulivyokitumia kwa mpwa wangu, aliyezaliwa Nanyuki, mji ambao jeshi la Uingereza limefanyia mazoezi yake karibu nao kwa miongo mingi, na ambaye kuhusu baba yake aliambiwa jina moja tu, tena lile la kwanza.

Kupima kwenyewe ni rahisi. Ndani ya kisanduku mna kichupa ambacho mtu hukijaza mate mpaka kwenye mstari, povu lisihesabiwe, baada ya kukaa nusu saa bila kula, kunywa, kuvuta sigara wala kutafuna chingamu. Kisha hukifunga kwa kifuniko chenye maji ya buluu yanayohifadhi mate hayo, na kukitikisa. Namba ya kichupa isajiliwe kwenye akaunti kabla ya kukituma, kwa sababu ndiyo inayokiunganisha na mwenyewe. Majibu kwa kawaida huchukua wiki 6 hadi 8.

Majibu hayo hayamtaji baba, isipokuwa kama naye amepima. Huleta orodha ya watu wenye undugu wa damu nawe, na mbele ya kila mmoja kiasi cha vinasaba mnavyoshiriki, kwa kipimo cha sentimogani. Mzazi na mwanawe hushiriki karibu 3,500. Ndugu wa baba mmoja, kwa wastani, 1,760 hivi. Watoto wa ndugu wawili 870 hivi, na wajukuu wa ndugu wawili 230 hivi. Tahadhari ni kwamba 1,760 yaweza pia kuwa ya shangazi, ami au babu, kwa hiyo umri wa mtu huyo uangaliwe kabla ya kumwita ndugu.

Nguvu ya huduma hii ni wingi wa waliopima, zaidi ya milioni 20, wengi wao wakiwa na asili ya Ulaya. Kwa mpwa wangu hilo lilikuwa na faida ambayo wauzaji hawaitaji: upande wa mama yake, huku Laikipia, hakuna aliyepima, hivyo kila jina la karibu lililojitokeza lilikuwa la upande wa baba. Majina hayo yaligawanyika katika makundi mawili yasiyohusiana. Tulijenga mti wa kila kundi kwa kutumia faharasa ya watoto waliosajiliwa kuzaliwa Uingereza na Wales, ambayo tangu robo ya tatu ya 1911 huonyesha jina la ukoo wa mama, mpaka tukaiona ndoa moja iliyoziunganisha koo hizo mbili. Ndoa hiyo ilikuwa na wana wawili, na mmoja tu ndiye aliyekuwa askari. Kazi hii ya miti ndiyo inayokula muda, tena miti mingi ya watu wengine haionekani mpaka ulipie usajili, gharama ambayo yafaa kupangiwa tangu mwanzo.

Kwa mtu ambaye baba yake ni Mwafrika wa Afrika Mashariki, siwezi kukisifu kipimo hiki kwa kiwango hichohicho. Waliopima kutoka kwetu ni wachache mno, na jina la pili la mtu mara nyingi ni jina la baba yake tu, wala halimfikishi mtafutaji kwenye ukoo. Huyo aanze na wazee wangali hai. Akipima, apakue data yake na kuipandisha bure GEDmatch, tovuti inayolinganisha data za waliopima kwenye kampuni mbalimbali, ili kuongeza nafasi. AncestryDNA yenyewe haipokei data ya kampuni nyingine, na ndiyo maana nashauri kuanza nayo.

Barua ya kwanza kwa baba aliyepatikana iwe fupi, isitaje pesa, na isipitie kwa mke wala watoto wa baba. Anayehitaji haki za kisheria, kama vile matunzo au uraia, ajue kwamba mate yaliyochukuliwa nyumbani hayatoshi mahakamani: hutakiwa kipimo cha ubaba cha maabara iliyoidhinishwa, na sampuli ichukuliwe na mtu asiyehusika, baada ya kuthibitisha vitambulisho vya wote wawili.