Ramani ya mikongo ya baharini: mkongo unauona, mlinzi wake humwoni

Nafundisha jiografia, na kwa miaka miwili sasa somo la mawasiliano naanza kwa kufungua Submarine Cable Map, ramani ya kampuni ya TeleGeography inayoonyesha mikongo ya mawasiliano iliyolazwa chini ya bahari. Ni ya bure mtandaoni. Bofya mstari wowote, utapewa urefu wa mkongo, wamiliki wake, mwaka ulioanza kazi na miji unakotua nchi kavu. Nilipowaonyesha wanafunzi Tonga, nchi ya visiwa katika Pasifiki, darasa lilinyamaza: wakati huo mstari mmoja tu wa kimataifa, kilomita 827 hadi Fiji. Volkano ilipoukata Januari 2022, ukarabati ulichukua wiki tano hivi.

Mistari imechorwa isomeke vizuri, haifuati njia halisi ya mkongo. Kwa darasa inatosha kabisa.

Kasoro niliionyeshwa na mwanafunzi. "Mwalimu, meli ikiukata, nani anaikamata?" Ramani haina jibu. Ilibidi nifunge projekta nieleze kwa mdomo: mkataba wa Paris wa 1884 wa kulinda mikongo ya baharini, kisha Mkataba wa Sheria ya Bahari wa 1982, ambao kifungu cha 113 kinaitaka kila nchi itunge sheria ya kuwaadhibu watu wake na meli za bendera yake, yaani zilizosajiliwa kwake, wakiharibu mkongo katika bahari kuu, nje ya maji ya nchi yoyote. Nchi yenye bendera isipochukua hatua, je? Desemba 2024 meli Eagle S, yenye bendera ya Visiwa vya Cook, ilishukiwa kuburuta nanga na kukata nyaya katika Ghuba ya Ufini. Oktoba 2025 mahakama ya Helsinki ikaifuta kesi ya maofisa wake, ikisema haina mamlaka; nyaya zilikatwa nje ya bahari ya nchi ya Ufini. Habari hiyo iliniuma sana, maana hasara ilikuwa pale pale mlangoni pa Ufini.

Kwa hiyo naomba wachoraji waongeze mpaka wa maili 12 za bahari ya nchi, yaani maji yaliyo chini ya mamlaka ya nchi yenye pwani, na kanda za ulinzi kama zile za Australia nje ya Sydney na Perth, ambako kutia nanga na kukokota nyavu kunadhibitiwa kisheria. Nyavu na nanga ndizo zinazokata mikongo mingi kila mwaka.

Ramani hii naipa nyota nne kati ya tano. Kwa sasa nakuza kipande cha pwani, nakichapisha, wanafunzi wanachora mpaka huo wenyewe kwa penseli nyekundu. Penseli haiendi mbali na ufuko, na mkongo wote uliobaki uko upande wa pili wa mstari.