Swichi ya poti nane: uzoefu wangu baada ya miezi minane

Habu yangu kuukuu, kile kisanduku cha kuunganisha kompyuta kwa waya, nilikuwa nimeizoea mpaka kero zake nikaziona za kawaida. Kila fremu, yaani kifurushi cha data, iliyoingia poti moja ilirushwa poti zote, basi mmoja akianza kunakili faili kubwa, wengine tunasubiri. Nilipoing'oa na kuweka swichi hii, tofauti niliiona siku hiyohiyo: wawili wanahamisha mafaili, mimi nachapisha, na hakuna anayelalamika.

Ndani yake ni briji tu, yaani kiunganishi cha vipande vya mtandao, ila ya poti nyingi. Fremu ikiingia, inasoma anwani ya MAC (namba ya utambulisho ya kifaa) ya mtumaji na kukumbuka ameingilia poti gani. Ikishamjua, zinazomwendea zinapita poti hiyo peke yake. Ambaye haijamjua, inarusha kote kama habu hadi mwenyewe ajibu. Kifaa kikikaa kimya, kwa kawaida dakika 5, kinafutwa kwenye jedwali. Wala huseti kitu. Unachomeka waya, kazi inaanza.

Mwanzoni nilidhani poti ya 4 ni mbovu. Taa yake ilikuwa ya chungwa, yaani Mbps 100 (megabiti kwa sekunde), wakati zingine ni za kijani, 1000. Nikahamisha waya, chungwa nayo ikahama. Kumbe jozi moja ya nyuzi za ndani ya waya ilikuwa imekatika karibu na plagi: Mbps 100 inatosheka na jozi mbili, 1000 inataka zote nne. Nikakata ncha, nikabana plagi mpya, kijani ikawaka. Na nilikuwa nimeshaisema vibaya swichi ya watu!

Lawama yangu ya haki ni hii. Jioni moja nikipanga nyaya, nilichomeka ncha zote mbili za waya mmoja kwenye swichi hiyohiyo. Taa zote zikapepesa kwa pamoja kama zimepagawa, mtandao mzima ukafa. Fremu moja ya kutangaziwa wote ilikuwa inazunguka, kila mzunguko ikimwagika tena poti zote; fremu ya Ethernet haina kihesabio cha kuiua njiani kama pakiti ya IP. Dawa yake, itifaki ya STP (kanuni za kuziba njia inayojizungusha) aliyoibuni Radia Perlman, ipo tangu 1985, lakini swichi hii haina, na boksi halisemi.

Naipa nyota nne. Ya tano inabaki chini ya meza, nilikokaa nikichomoa waya mmoja mmoja.