Friji hii ina swichi mbili, na moja inakudanganya

Haya, karibuni tena. Leo niko na friji ya milango miwili, friza juu, chumba cha kawaida chini. Nimekaa nayo wiki tatu. Inapoza vizuri, kelele si nyingi, rafu ziko imara. Basi, hayo yameisha. Nataka mwone hizi swichi mbili za kuzungusha hapa ndani. Moja imeandikwa "friza", nyingine "friji", na zote zina namba 1 hadi 5.

Ukiziangalia tu, kichwani unajichorea picha: vyumba viwili, swichi mbili, kila moja na chumba chake. Nami nilijichorea hiyo hiyo. Aiskrimu ilikuwa laini, nikapandisha friza hadi 5. Ya chini sikuigusa. Kesho yake nakuta mboga za chini zimeganda!

Kumbe ubaridi wote unatoka sehemu moja. Swichi ya "friza" ndiyo inayoiamuru kompresa, ile mashine ya kuzalisha baridi. Ile ya "friji" inafungua na kufunga kidirisha tu, hewa ya baridi ishuke nyingi au kidogo. Ukipandisha moja, inabidi ushushe nyingine. Nani angekisia hilo kwa kusoma maandishi yale?

Don Norman, mtaalamu wa usanifu wa vifaa, aliieleza friji ya namna hii katika kitabu chake cha 1988. Hoja yake ni kwamba aliyesanifu ana picha yake, wewe una yako, na hamkutani. Kinachozungumza nawe ni kile chombo tu.

Tena friji ni msumbufu zaidi kwa sababu jibu lake huchelewa. Unazungusha leo, matokeo unayaona kesho, kwa hiyo picha mbovu haisahihishwi upesi.

Kubadilisha maandishi kungesaidia: "baridi yote" na "mgawo wa chini". Mimi ningependa zaidi mtambo uifuate picha ya mtumiaji. Niandike -18 juu na 4 chini, kidirisha kijisogeze chenyewe. Friji za namna hiyo zipo.

Hii je, ununue? Kama unapata kwa bei nzuri, nunua. Ila bandika karatasi mlangoni: ukigusa swichi, subiri saa 24 kabla ya kuigusa tena.